Mama alishasema hataki kukatwa mguu, sasa kachanganyikiwa na fomu nimepewa mimi nisaini

Shikamoo anti, pole na majukumu. Naomba usitoe jina langu wala la hospitali, huku kwetu ukitaja wodi tu watu wameshajua ni mama wa nani. Niite Binti wa Kibosho inatosha, Kibosho ni kubwa.

Tuko watatu kwetu. Kaka mkubwa yuko Dar ana kazi nzuri na kiukweli ndo anayetuma hela, mimi niko Moshi mjini nina kibanda cha mitumba Memorial, na mdogo wetu wa mwisho yuko kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na mke wake na watoto, ndo anaishi na mama tangu baba afariki. Mama ana miaka 75 na ana sukari ya siku nyingi.

Mwaka juzi alipata kidonda kwenye kidole gumba, tukahangaika nacho mpaka kikapona, na dokta wakati ule akamwambia mama ukiendelea kutembea peku shambani na kuruka dawa ipo siku tutakuja kuukata huu mguu. Mama akamjibu hapo hapo, mimi sikatwi, kama ni kufa nitakufa na miguu yangu miwili. Tukacheka wote mpaka dokta. Ila Krismasi tulipokusanyika nyumbani akarudia mbele ya kaka na mashangazi na hapo hakuna aliyecheka, akasema mjomba, yaani kaka yake, alikatwa mguu akakaa kama mwezi akafa na bado akazikwa nusu, yeye hataki hayo mambo.

Sasa kidonda kimerudi. Vidole vitatu vimekuwa vyeusi kabisa vimekauka kama mkaa na weusi unapanda, tukamleta hospitali wakamlaza wakasema ni donda ndugu, damu haishuki chini, inabidi akatwe chini ya goti. Na tangu alazwe anti mama amechanganyikiwa. Asubuhi anakujua vizuri, anauliza ng'ombe kapewa majani, anauliza mke wa mdogo wangu kapika nini, ila ikifika jioni anamwita baba, anataka kushuka kitandani akakate majani, usiku anamtukana nesi kwa Kichaga mpaka naona aibu. Dokta akaniita akasema mama yako kwa hali hii hawezi kujiamulia, kwahiyo ndugu msaini. Na kwa kuwa mimi ndo niko pale kila siku fomu nikapewa mimi. Alisema kwa sasa mguu bado ni mkavu, kuna siku chache za kufikiri lakini sio nyingi.

Kwenye grupu la familia la wasap ni vita. Kaka anasema saini leo, hela ipo, alichosema zamani alikuwa anaongea tu, na saa hizi akili haipo kwahiyo tunaamua sisi, halafu akaongeza kukataa matibabu ni sawa na kujiua na sisi ni Wakatoliki. Mdogo wangu anasema mama alishasema, mimi simo. Kaka akamrushia vois akamwambia wewe unataka mama afe ubaki na kihamba peke yako, toka siku hiyo hawaongei. Shangazi yeye anataka tusubiri maombi.

Juzi asubuhi nilikuwa namnywesha uji akaniambia, wanataka kuukata mguu wangu ee? Nirudishe nyumbani. Nikaandika kwenye grupu, kaka akajibu huyo siyo mama anaongea ni ugonjwa. Sasa anti mimi nimejiuliza, akisema hapana ni ugonjwa, je angesema ndiyo ingekuwa ni yeye?

Nisiposaini akafa wataniambia nimemuua, nikisaini akafia tiata wataniambia nimemuua. Na hili nakuandikia wewe tu, nimechoka, kibanda kimefungwa, na nikimfikiria mama bila mguu naanza kupiga hesabu nani atambeba, halafu najiona mtoto mbaya. Hivi mimi nina haki gani ya kuamua mguu wa mtu mwingine?

*

Marahaba mwanangu. Wewe nilikujibu kwenye simu siku ile ile kwa sababu mguu mweusi hausubiri zamu ya safu. Haya ya hapa ni marefu zaidi, nayaandika na wengine wasome maana barua za namna hii zinakuja nyingi, leo mguu, kesho mpira wa kulishia, keshokutwa mashine ya kupumulia.

Niseme kwanza kwamba lile swali lako la uji ndo swali lenyewe. Nimekaa wodini kama nesi mpaka nikastaafu na nimeona jambo hili mara nyingi sana, mgonjwa akikubali tunachotaka hakuna anayeuliza kama akili yake iko sawa, anawekewa dole gumba kwenye fomu kazi imeisha, ila akikataa tu basi ghafla kila mtu anakuwa dokta wa akili. Kaka yako hajafanya kitu cha ajabu, ndivyo watu wengi tunavyofanya, lakini sio haki. Kama tunapima akili ya mama tuipime kabla ya kusikia jibu lake, na kipimo kisibadilike kwa sababu jibu halikutupendeza.

Akili ya mgonjwa mzee mwenye sukari na kidonda ni kama umeme wa mgao, unakatika jioni unarudi asubuhi. Kwahiyo kumwambia mtu "hawezi kujiamulia" moja kwa moja, kwa kila kitu, kwa masaa yote, ni kukosea. Inabidi uulize hawezi kuamua nini na hawezi saa ngapi. Mama anayeuliza ng'ombe kapewa majani anaweza asijue leo ni tarehe ngapi wala rais ni nani na bado akaelewa vizuri tu kwamba mguu umekufa na wanataka kuutoa.

Kuna kesi moja ya Marekani, jimbo la Massachusetts, mwaka 1978, ukiisoma unaweza kudhani ni mama yako. Bibi mmoja mjane wa miaka 77, Rosaria Candura, ana donda ndugu mguuni, madaktari wanataka kukata, mara akakubali mara akakataa. Binti yake akaenda mahakamani aombe apewe mamlaka ya kumsainia. Na kweli yule bibi alikuwa anachanganya mambo, mawazo yanahama, muda anaukosea. Mahakama ya rufaa ikasema hapana, kuchanganya mambo mengine hakumaanishi haelewi hili, anajua mguu ni wake na anajua akikataa anaweza kufa, na kwamba uamuzi wake unaonekana wa ajabu kwa madaktari na kwa binti yake hiyo haitoshi kumnyang'anya. Wakamwacha na jibu lake.

Uingereza wao wameliandika kabisa kwenye sheria ya mwaka 2005. Mtu mzima anahesabiwa anaweza kuamua mpaka ithibitike hawezi, na kabla ya kusema hawezi lazima awe amesaidiwa kwa kila njia inayowezekana. Halafu yanatazamwa mambo manne tu, anaelewa alichoambiwa, anakishika kichwani muda wa kutosha kuamua (siyo mpaka wiki ijayo, muda wa kuamua tu), anaweza kupima huku na huku, na anaweza kutoa jibu kwa namna yoyote hata kwa kichwa. Sisi hatutawaliwi na sheria yao, ila hayo manne ni mambo ambayo dokta yeyote anayafahamu na unaweza kumwomba kwa heshima kabisa ayapime na mama yako akiwa katika ubora wake.

Sasa ubora wake ni lini, umeshaniambia mwenyewe, ni asubuhi. Dokta alimpima saa ngapi? Na alimuuliza kwa lugha gani? Maana umesema usiku anatukana kwa Kichaga, huko ndiko kichwa chake kiliko, halafu sisi tunakwenda kumweleza habari za mishipa na nusu kaputi kwa Kiswahili cha hospitali, haraka haraka, kwenye raundi, wanafunzi kumi wamezunguka kitanda, akinyamaza tunaandika hajielewi. Miwani yake iko wapi? Anasikia masikio yote mawili? Nauliza kwa sababu nimeshaona bibi aliyeitwa amechanganyikiwa kumbe ni kiziwi wa upande mmoja na kila mtu anasimama upande huo huo.

Kuna na hili la kumuuliza dokta bila kuogopa, kuchanganyikiwa kwenyewe kumetoka wapi? Mzee akichanganyikiwa ghafla, jioni zaidi kuliko asubuhi, mara nyingi kuna kitu nyuma yake. Sukari kushuka, sukari kupanda sana, maambukizi ya kidonda au ya mkojo, kukosa maji mwilini, dawa kali za maumivu, hata kutopata choo, hata kukosa usingizi kwenye wodi ambayo taa haizimwi. Vingi kati ya hivyo vinatibika, vingine ndani ya siku mbili tatu. Kama mguu ni mkavu na dokta mwenyewe kasema siku chache zipo, basi siku hizo zisiishie kwenye kugombana wasap, zitumike kumrudisha mama kwenye akili yake ili aulizwe mwenyewe. Hiyo ndiyo nafasi kubwa mliyonayo na hakuna kwenye grupu lenu aliyeitaja.

Ila naomba mnielewe, mguu ukigeuka ukawa bichi, ukaanza kutoa usaha na harufu, homa ikapanda, presha ikashuka, hapo hizo siku zinageuka masaa na hayo mazungumzo marefu hayapo tena. Kwahiyo mjue mapema mtasema nini ikitokea, msije mkaanza kutafutana saa nane usiku.

Haya, tuseme mmefanya yote hayo na bado mama hawezi. Hapo sasa ndo unakuja wewe na fomu yako.

Umeuliza una haki gani. Kumwamulia kwa utashi wako huna, na kaka hana, na hela anayotuma haimpi kura mbili. Kazi yako wewe ni kupeleka sauti yake kwa dokta kwa sababu yeye hawezi kuifikisha. Hamuulizwi nyie mnataka nini wala nani anampenda mama zaidi. Mnaulizwa mama huyu, kwa jinsi alivyoishi na alivyosema, angejibu nini leo kwa hali hii ya leo. Na kama hamna hata fununu ya angejibu nini, ndipo mnaangalia kipi kinamsaidia zaidi na kumuumiza kidogo.

Na sauti yake hata akiwa amechanganyikiwa haigeuki takataka. Mwaka 2015 kule kule Uingereza kulikuwa na mzee wa miaka 73, walimwita Bwana B tu kuficha jina, ana sukari, mguu umeoza, ana ugonjwa wa akili wa miaka mingi, anasikia sauti za malaika, na hataki kukatwa. Kila mtu alikubali kwamba hana uwezo wa kuamua. Lakini jaji, Peter Jackson, hakuishia kwenye makaratasi, alikwenda mpaka hospitali akakaa na huyo mzee akaongea naye. Akaamua asikatwe kwa nguvu, kwa sababu alichokitaka na alichokiamini kilikuwa ndo yeye mwenyewe, ugonjwa umo humo humo, huwezi kumtenganisha. Kwahiyo kaka akisema "siyo mama ni ugonjwa" mwambie hata jaji wa Kizungu hakulikubali hilo kirahisi.

Lakini sasa nakugeukia na wewe, na mdogo wako. "Mama alishasema" peke yake nayo haitoshi. Mama alisema nini hasa? Siku ile kwa dokta alikuwa ana kidonda cha kidole kinachopona, anaongea habari ya kitu cha mbali. Hakuwa amelala na vidole vitatu vyeusi akaambiwa chagua. Watu hubadilika wakifika pale, wengine wanazidi kukataa, wengine waliokuwa wanaapa hawakatwi wakasema kateni haraka nirudi kwa wajukuu. Kwahiyo chukueni ile hapana yake muifungue muone ndani kuna nini, na bahati nzuri alisema sababu.

Kuna ya mjomba. Mjomba alikatwa lini, wapi, alikuwa na hali gani alipofikishwa hospitali? Kama alifika ameshaoza damu nzima basi hakufa kwa sababu ya kukatwa, na mama hajawahi kuambiwa hivyo na mtu. Ila nisikudanganye pia, dokta akuambie ukweli wote, kwa mzee wa sukari aliyefikia kukatwa mguu mkubwa, tafiti nyingi zimeonyesha wengi hawamalizi miaka mitano hata upasuaji ukienda vizuri, kwa sababu ile mishipa iliyoziba mguuni imeziba na kwenye moyo. Kwahiyo msije mkafikiri upande mmoja kuna uhai na upande wa pili kuna kifo. Na upande wa pili nao dokta huwa anakisia, kuna mgonjwa wa Uingereza mwaka 1993, wamemwandika kwa jina la C, aliambiwa asipokatwa ana nafasi ya asilimia 15 tu ya kupona, akakataa, mahakama ikamwacha, na ule mguu haukumuua. Sisemi mama yako atakuwa hivyo. Nasema muulizeni dokta akikatwa mnategemea nini na asipokatwa mnategemea nini, kwa mgonjwa huyu siyo kwa wagonjwa wote, na figo zake na moyo wake vikoje.

Kuna ya kuzikwa nusu. Mtu wa mjini atalicheka, mimi silicheki. Kwa mama wa Kibosho ambaye anajua kabisa atalala wapi kihambani pembeni ya mume wake hili ni jambo zito. Lakini lina majibu, zipo familia zinazoomba wapewe kiungo wakazike nyumbani, ulizeni utaratibu wa hospitali mliyopo. Inawezekana hofu yake kubwa ni hiyo na inaondoka kwa sentensi moja, inawezekana pia siyo, lakini hamtajua mpaka aambiwe.

Na kuna ambayo hakuisema ila naisikia, ya kubebwa. Mwanamke aliyekata majani ya ng'ombe maisha yake yote anaogopa kuwa mzigo kuliko anavyoogopa kisu. Hapa angalau Moshi tuna bahati ambayo watu hawaijui, pale hospitali ya KCMC kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa miguu ya bandia, kipo tangu 1981 na wanakuja kusoma watu kutoka nchi nyingine za Afrika. Kuna wazee wanatembea mguu wa bandia. Siyo wote, mwenye miaka 75 na moyo dhaifu anaweza asiuweze, akaishia kwenye kiti cha magurudumu, na njia za migombani Kibosho unazijua mwenyewe zilivyo mteremko na tope. Mwambieni yote mawili. Ukimwambia mguu wa bandia tu ukanyamazia tope, unamlaghai.

Kama baada ya kuyajua hayo, au nyie kuyapima kwa niaba yake kwa haki, bado jibu linatoka kuwa mama huyu asingekubali, basi jibu ni hapana na lina uzito wake wote. Na hapana siyo kumrudisha nyumbani akaoze kwenye chumba cha nyuma shangazi akiombea. Muombeni dokta awaunganishe na watu wa tiba shufaa, yaani wale wa kumtuliza mgonjwa na maumivu. Kidonda kinaendelea kusafishwa, antibayotiki zinatolewa pale zinaposaidia, na maumivu yanadhibitiwa, kuna mofini ya kunywa, msiiogope. Kwa upande wa Arusha watu wa hospitali ya Selian wamefanya kazi hii ya kuwafuata wagonjwa mpaka majumbani kwa miaka mingi. Na maombi ya shangazi yaendelee tu sambamba, hayajawahi kuzuia dripu.

Kaka yako na Ukatoliki wake. Mimi ni mtu wa Kanisa pia kwahiyo naongea bila woga. Kanisa halijasema kila mguu lazima ukatwe. Papa Pius wa 12 aliongea na madaktari Novemba 1957 akasema mtu analazimika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, siyo zile zinazomwekea mzigo mzito kupita kiasi. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2278 inasema mtu anaweza kuacha tiba iliyo nzito, ya hatari au isiyolingana na matokeo yake, na hapo hatafuti kifo, anakubali tu kwamba hawezi kukizuia. Halafu sehemu ya mwisho ya namba hiyo hiyo ni kama imeandikwa kwa ajili ya grupu lenu, kwamba anayeamua ni mgonjwa kama anaweza, na kama hawezi ni wale wenye haki kisheria, ila siku zote wakiheshimu utashi wake ulio wa busara na maslahi yake halali. Mtumie namba aisome mwenyewe. Halafu muiteni padri kwa ajili ya mama, siyo kwa ajili ya kushinda ubishi.

Kuhusu kihamba. Yule ni wa mwisho, kwa mila zetu nyumba ya wazazi ilikuwa inaelekea kwake mama akiwa na miguu miwili, mmoja au bila mguu kabisa, kwahiyo ile vois ilikuwa ni hasira tu na kaka anajua. Ila nitasema hili, kila mmoja wenu ana kitu chake pembeni. Kaka ana dhamiri ya mtoto wa mbali, anataka kifanyike kitu kikubwa kinachoonekana, akatwe, alipe, asije akaambiwa msibani alimwacha mama. Mdogo wako ana hofu yake. Wewe una uchovu wako. Hakuna kati ya hivyo kinachokufanya mtoto mbaya, vinakuwa vibaya vikijificha ndani ya maneno "kwa ajili ya mama". Ukishavitaja kwa sauti vinapungua nguvu. Na katika barua yako yote kuna mtu umemtaja mara mbili kwa kupita tu, mke wa mdogo wako. Huyo ndo atambeba mama kwenda chooni, akikatwa au asipokatwa, huyo ndo ataosha kidonda. Mmemuuliza? Yupo hata kwenye grupu? Na mimi nina wasiwasi yeye ndo anayejua mama anasema nini jikoni wakati watoto wake wa kuzaa hawapo.

Sasa fomu. Usisaini peke yako, na usikatae kusaini peke yako. Mwambie dokta unaomba kikao kimoja kifupi, yeye, nesi wa wodi anayemjua mama, wewe, mdogo wako na mkewe, na kaka kwenye spika kama hayupo. Iwe asubuhi. Aanze mama kuulizwa kitandani kwa Kichaga, na mtafsiri awe nesi au mhudumu, siyo wewe wala ndugu mwenye upande, kwa sababu bila kukusudia tutaipindisha. Asiulizwe "mama unataka kupona?" maana hilo hakuna mtu atasema hapana. Aambiwe mguu umekufa, tukiukata itakuwa hivi na hivi, tusipoukata hivi na hivi, kisha aulizwe wewe umesikia nini, arudie kwa maneno yake. Ikiwezekana aulizwe tena kesho yake asubuhi. Akitoa jibu lile lile mara mbili na sababu ile ile, mwanangu, hilo ni jibu, iwe ndiyo iwe hapana, na fomu hiyo dole gumba ni la kwake siyo la kwako. Mwombe dokta aandike kwenye faili alichosema mama, na alichokisema mwaka juzi, na nani walikuwepo.

Asipoweza, mtasaini mkiwa mmeshaongea wote, na chini ya uamuzi huo kuna sababu zake siyo zenu. Akifia tiata au akifia nyumbani watakaosema watasema, kwenye matanga ya uchagani hakukosi mtu wa kusema, lakini nyie watatu mtakuwa mnajua mlimsikiliza.

Na kaka nimwambie moja kwa moja maana najua utamtumia hii. Baba, panda ndege au panda basi la leo usiku, asubuhi uko Moshi. Mwache dada yako akalale kwake usiku mmoja, wewe kaa kwenye kile kiti pembeni ya kitanda kuanzia jioni mama anapoanza kumwita baba yenu mpaka saa moja asubuhi anapokujua wewe ni nani. Hapo utakuwa umeona yule anayeweweseka na yule anayeomba kurudi nyumbani, ndipo utuambie wapi anaongea mama. Ukishindwa kuja, basi kwenye kikao hicho sikiliza waliokuwepo.